Zawadi ya Mfalme: Habari za Mashindano ya Shabaha Bisley

Watu wengi wakisikia habari za mashindano ya bunduki hudhani kwamba mshindi ni yule mwenye jicho kali na mkono mwepesi. Hayo ni kweli kwa shabaha za karibu. Lakini yako mashindano ambayo shabaha yake husimama mbali hata yadi 1000, na mshindi wake hajulikani ila baada ya siku kadhaa za kupimwa na kupimwa tena. Mashindano hayo hufanywa Bisley, katika jimbo la Surrey nchini Uingereza. Twapenda kueleza jinsi yalivyoanza, na jinsi mwaka wa 1930 ushindi ulivyokwenda kwa mtu ambaye waanzilishi wake hawakumwazia hata kidogo.

Asili yake ni hofu. Mwaka wa 1859 Waingereza waliogopa kwamba Wafaransa watavuka bahari na kuwashambulia. Makarani, wenye maduka, mafundi na wanafunzi wakajiandikisha kwa maelfu kuwa askari wa kujitolea. Ari walikuwa nayo tele, bali wengi wao hawakujua kulenga. Kwa hiyo mwaka ule ule kikaundwa Chama cha Taifa cha Bunduki, ili ustadi wa shabaha uenee katika nchi nzima.

Mkutano wa kwanza wa chama hicho ulifunguliwa tarehe 2 Julai 1860, katika uwanja wa Wimbledon karibu na London. Risasi ya kwanza ilipigwa na Malkia Victoria mwenyewe. Bunduki ilikuwa imefungwa imara juu ya chombo kisichotikisika, naye akavuta uzi tu. Risasi ikaenda yadi 400, ikapiga karibu kabisa na kiini cha shabaha. Malkia akaweka zawadi ya paundi 250, na pamoja nayo mshindi hupewa nishani ya dhahabu. Mtu wa kwanza kuipata alikuwa kijana, jina lake Edward Ross.

Baadaye nyumba zilizidi kujengwa kuzunguka Wimbledon, na bunduki mpya zikawa zinapeleka risasi mbali zaidi; basi mwaka wa 1890 mashindano yakahamishiwa Bisley. Malkia Victoria alipofariki mwaka wa 1901, Zawadi ya Malkia ikaitwa Zawadi ya Mfalme, na tangu hapo jina limefuata yule anayetawala. Wakati huo wapigaji walikuwa wakija hata kutoka ng'ambo. Mwaka wa 1895 zawadi ilichukuliwa na askari wa Kanada, Hayhurst, naye ndiye wa kwanza kutoka nje ya Visiwa vya Uingereza kuipata.

Sasa tutazame namna mshindi anavyopatikana. Wapigaji hupepetwa kama mchele katika ungo, mara tatu. Katika daraja ya kwanza huingia mamia ya watu, nao hupiga katika masafa yasiyozidi yadi 600. Waliopata alama nyingi, watu 300, huendelea na daraja ya pili. Kati ya hao huchaguliwa 100 tu, nao hupiga daraja ya mwisho katika yadi 900 na yadi 1000. Kuingia katika hiyo mia peke yake ni heshima kubwa, na wako waliojaribu miaka mingi wasiifikie.

Mpigaji hulala kifudifudi, mkanda wa bunduki umeuzunguka mkono wake ili bunduki itulie. Katika umbali ule kiini cha shabaha huonekana kama nukta. Risasi haiendi moja kwa moja kama uzi ulionyoshwa. Hupanda juu kupita kimo cha mtu, kisha hushuka. Safari yake huchukua zaidi ya sekunde moja, na njiani humo upepo una nafasi ya kufanya upendavyo. Upepo wa wastani ukivuma kutoka ubavuni, huweza kuisukuma risasi kando kuliko urefu wa mtu mzima. Kwa hiyo mpigaji halengi kwa jicho peke yake. Kama vile nahodha asomavyo upepo katika uso wa maji kabla tanga halijajaa, ndivyo naye asomavyo bendera zilizopangwa uwanjani, na mazigazi yanayochezacheza juu ya nyasi wakati wa jua. Hurekebisha vipimo vya bunduki yake, hungoja, kisha huvuta mtambo polepole. Upepo ukigeuka katika dakika ile ile, kazi yote ni bure.

Tena hakuna risasi ndogo katika mashindano haya. Alama za siku ya daraja ya pili huchukuliwa hata daraja ya mwisho. Alama moja iliyopotea kwa haraka au kwa hasira haifutwi na alama nzuri za kesho. Hufuatana na mwenyewe mpaka mwisho. Haba na haba hujaza kibaba, na tundu dogo hukimwaga.

Hayo yalionekana wazi mwezi wa Julai 1930. Kati ya walioingia daraja ya mwisho alikuwamo mwanamke, Bibi Marjorie Foster, mfugaji wa kuku. Miaka 70 ilikuwa imepita tangu mashindano kuanza, wala hakuna mwanamke aliyepata kuishinda zawadi ile. Luteni Eccles, wa kikosi cha Seaforth Highlanders, alikuwa na jumla ya alama 279. Bibi Foster alibakiwa na risasi moja, naye alikuwa na alama 275. Kupiga kiini ni alama tano; kupiga kando yake ni alama nne. Nne zingemfanya awe sawa na Luteni. Tano zingempa ushindi. Tufikiri mzigo wa mtu aliyelala pale, watu wamemzunguka kimya, naye anajua hesabu hiyo. Alipiga, na alama ya kiini ikaonyeshwa. Alama 280 kwa 279.

Iko desturi Bisley ya kumbeba mshindi mabegani akiwa ameketi juu ya kiti, na muziki ukipigwa. Siku ile aliyebebwa alikuwa mwanamke huyo. Ikapita miaka 70 mingine kabla ya mwanamke wa pili, Joanna Hossack, kuipata zawadi hiyo mwaka wa 2000.

Wako walioshangaa kwamba mfugaji wa kuku amewashinda maaskari katika jambo la silaha. Lakini tukiyapima mambo yenyewe, twaona sababu ya kushangaa ni ndogo. Katika yadi 1000 bunduki haimwulizi mtu nguvu zake, wala cheo chake, wala kama ni mume au mke. Yamwuliza kama pumzi yake imetulia, kama ameusoma upepo vema, na kama leo angali mwangalifu kama alivyokuwa siku ya kwanza. Zawadi hii ilianzishwa ili kufundisha watu vita. Lakini jambo lililodumu ndani yake ni fundisho la utulivu, nalo halina mwenyewe. Anayelipata ni yule anayekubali kulitafuta kwa siku nyingi, risasi moja baada ya moja.