Habari za Watoto Wenye Usonji, na Lawama Waliyobebeshwa Wazazi Wao

Kisiwa cha Mafia hakikukosa waandishi. Magofu ya Kisimani yameandikwa, na magofu ya Kua katika Juani vilevile. Mapatano ya mwaka 1890 yaliyokitia kisiwa mikononi mwa Wadachi yameandikwa. Na jinsi Waingereza walivyokitwaa mwezi wa Januari 1915, kisha wakarusha eropleni zao kutoka hapa kuitafuta manowari Königsberg iliyojificha katika midomo ya Rufiji, hayo nayo yamesimuliwa mara nyingi. Walakini kuna watoto waliozaliwa katika nyumba zetu, wasioitika waitwapo jina, wasiotazama uso wa mtu, wala wasiocheza na wenzao. Na habari zao hakuna aliyeziandika. Nao walikuwapo zamani zote hizo. Basi katika mwaka huu wa Yubilei, tunapohesabu majengo na miaka, ni haki tuhesabu na hao, tukapate kujua walitendewaje, na sisi imetupasa kuwatendea nini.

Kwanza tujue ni watoto gani tunaowasema. Siku hizi Watanzania wengi huita hali yao usonji. Wengine, hasa watu wa Kenya, huiita tawahudi, neno lililotoka katika Kiarabu, lenye maana ya kuwa peke yake. Mtoto mwenye hali hiyo huenda akachelewa kusema, au asiseme kabisa, au akarudia maneno ya watu kama mwangwi. Akipenda kitu hukishika hicho hicho: huzungusha kifuu kutwa, au hupanga kauri safu safu, nawe ukiondoa moja tu hulia kana kwamba amepigwa. Vishindo vya ngoma humwumiza masikio. Njia ya kwenda shamba ikibadilishwa, hufadhaika. Tena hawafanani wote: mmoja hawezi kuvaa nguo peke yake, na mwingine ni hodari wa hesabu kuliko mwalimu wake. Wako na jamaa zao, yaani watoto wasioweza kutulia wala kushika jambo moja hata kwa dakika chache, na watoto wenye akili njema ambao herufi hazikai machoni pao. Haya yote si wazimu, wala si maradhi ya kuambukiza, wala si utundu. Kwa walio wengi, ubongo umejengwa hivyo tangu tumboni.

Wazee wetu waliyaona mambo haya wakayaeleza kwa maneno waliyokuwa nayo. Walisema ni shetani, au jini, au kijicho cha jirani, au mama amevunja mwiko. Bibi Patricia Caplan, mtaalamu wa Kiingereza aliyekuja kukaa kaskazini ya Mafia mwaka 1965, na kurudi mara nyingi baadaye, ameandika kwa urefu juu ya mashetani na uganga wake katika kisiwa hiki. Nayo degedege, yaani kutupwa kwa mtoto mwenye homa kali, ilidhaniwa pwani nzima kuwa kazi ya shetani. Wataalamu waliochungua jambo hilo katika wilaya ya Bagamoyo walitangaza khabari zake mwaka 1996.

Wala tusiwacheke wazee. Uganga ulikusanya jamaa. Watu waliketi pamoja na mgonjwa, na nyumba haikuachwa peke yake. Hilo lilikuwa jema. Lakini mabaya mawili yalifuatana nalo. La kwanza, mtoto mwenye homa alicheleweshwa kufika hospitali, na kuchelewa huko kuliwaua wengi na kuwaharibu wengine. La pili, kila mara ilipoulizwa, ‘Nani aliyeleta jambo hili?’ jibu lilielekea kumwangukia mama. Ndiye aliyepita mahali pabaya wakati wa mimba. Ndiye asiyetimiza nadhiri. Ukoo wake ndio wenye shetani. Na mume alipochoka kusikia maneno, mara nyingine aliondoka, akamwacha mama na mtoto wake na lawama juu.

Labda msomaji atadhani kwamba lawama hiyo ni ujinga wa Waafrika. La, sivyo. Huko Ulaya na Marekani, kwenye vyuo vikubwa na vitabu vingi, walifanya vilevile, nao wakaiita elimu.

Neno la kizungu la usonji lilitungwa mwaka 1911 na tabibu wa Uswisi, Eugen Bleuler, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya ‘nafsi’. Naye alikuwa akisema juu ya watu wazima wenye maradhi ya akili. Mwaka 1925 mama mmoja tabibu wa Moscow, Grunya Sukhareva, aliandika habari za wavulana sita wa namna hii, lakini matabibu wa nchi za magharibi hawakumjali. Hata mwaka 1943, Leo Kanner wa mji wa Baltimore huko Marekani akatoa habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Na mwaka 1944 Hans Asperger wa Vienna akatoa habari zinazofanana nazo. Kanner alisema wazi kwamba watoto hao wamezaliwa hivyo. Lakini aliandika pia kwamba wazazi wao wengi ni watu baridi, wasio na uchangamfu kwa watoto.

Maneno hayo machache yakazaa msiba mkubwa. Wengine waliyachukua wakafundisha kwamba mama ndiye aliyemgandisha mtoto kwa kutompenda. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim, mwalimu mashuhuri wa Chicago, alitoa kitabu chenye mafundisho hayo, kikasomwa na watu wengi. Basi mama aliyekesha na mtoto usiku kucha aliambiwa hospitalini kwamba yeye ndiye ugonjwa wenyewe. Je, yana tofauti gani maneno hayo na yale ya mashetani? Jina limebadilika, na mzigo umewekwa kichwani pale pale.

Waliouondoa mzigo huo kwanza walikuwa wazazi. Bernard Rimland wa Marekani, mwenye elimu ya nafsi na baba wa mtoto mwenye usonji, alitoa kitabu mwaka 1964 kuonyesha kwamba sababu zimo katika ubongo, si katika mapenzi ya mama. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichungua mapacha jozi 21. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana kabisa, jozi 4 wote wawili walikuwa na usonji. Katika jozi 10 za mapacha wasiofanana, hapakuwa na jozi hata moja ya namna hiyo. Ikaonekana ya kuwa hali hii imo katika damu ya urithi. Walakini watu hawaachi upesi kutafuta wa kulaumiwa. Mwaka 1998 tabibu mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, alisingizia chanjo ya surua; gazeti lililochapa maneno yake likayafuta mwaka 2010, baada ya kuonekana kuwa si ya kweli. Wazazi wa Mafia wasiogope chanjo kwa ajili ya uvumi huo.

Sasa yafaa tumtazame mmoja wa wale watoto 11, maana maisha yake yana mafundisho kuliko vitabu. Jina lake Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Alipokuwa na miaka mitatu wazazi wake walishauriwa wamweke katika nyumba ya kulelea, mbali nao. Huko alififia, wasile shauri tena, wakamrudisha nyumbani. Baba yake akaandika barua ya kurasa 33 kwa Kanner, akieleza kila alilolifanya mtoto, na barua hiyo ndiyo iliyomfungua macho tabibu yule.

Baadaye Donald alikaa miaka kadhaa kwa mume na mke wakulima. Watu hao hawakuwa na elimu ya hospitali, ila walikuwa na busara. Mtoto alikuwa na shauku ya kupima vitu. Wakampa kazi ya kuchimba kisima na kuwaambia urefu wake. Alikuwa akihesabu mistari ya mahindi bila kuchoka. Wakamwacha aihesabu, lakini huku akilima kwa jembe la kukokotwa. Kanner alipokwenda kumtazama alistaajabu. Donald akasoma, akamaliza chuo, akafanya kazi katika benki ya mji wao, akaendesha gari, akasafiri nchi nyingi, akafa mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Kweli, wazazi wake walikuwa watu wa mali. Lakini lile shamba la mahindi halikuwa na fedha nyingi, na mji wa Forest haukumlipa mtu kumzoea. Walimjua tangu utoto, wakamwacha awe alivyo, wakampa kazi.

Katika Afrika uchunguzi ulikuja polepole. Mwaka 1978 Victor Lotter alitoa habari za safari yake katika nchi kadhaa za bara hili, akionyesha kwamba watoto wenye usonji wako huku pia, wala si jambo la Wazungu. Wazazi wa Kenya walianzisha chama chao mwaka 2003, kama wazazi wa London walivyofanya mwaka 1962. Na mwaka 2006 matabibu wa Marekani na Tanzania walitangaza habari za watoto 20 wa Tanzania. Kati yao 14 walithibitika kuwa na usonji. Na watatu miongoni mwa hao walikuwa wakikua vema, ila hali hiyo ikaonekana walipoinuka katika malaria kali yenye homa ndefu na kutupwa. Hao ni wachache, tusije tukasema kila usonji ni malaria. Lakini kwetu sisi wa visiwa vya mbu, hilo peke yake latosha kuwa sababu ya chandarua, na ya kumkimbiza mtoto hospitali siku ile ile ya homa.

Shule nazo zilikuja kwa zamu. Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya wasioona huko Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Wakatoliki wakafungua ya viziwi Tabora mwaka 1963, na Walutheri wakawafungulia wasioona shule nyingine Irente, Lushoto, mwaka ule ule. Watoto wenye usonji ndio waliokaa mlangoni muda mrefu kuliko wote, kwa kuwa ulemavu wao hauonekani kwa macho. Hata wao wamepata mahali: katika shule ya Msimbazi Mseto, Dar es Salaam, na katika shule ya Irente Rainbow, miongoni mwa nyingine. Tena sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010 yampa kila mtoto wa namna hiyo haki ya kusoma.

Bali kati ya Mafia na shule hizo iko bahari. Mama wa Jibondo au wa Kanga atakaye kuonana na tabibu bingwa hana budi kufika Kilindoni, avuke mpaka Nyamisati, kisha ashike barabara ya Dar es Salaam, pamoja na mtoto asiyestahimili kelele wala msongamano. Wachache huweza safari hiyo, na waiwezao hawairudii mara nyingi. Basi kazi iliyo kubwa ni ya watu walio karibu, nayo haihitaji jahazi.

Ninyi waalimu, mwekeni mtoto huyo mahali penye utulivu, mbali na dirisha na mlango. Mwambieni neno moja kwa wakati mmoja. Mwonyesheni kwa picha au kwa vitu lipi linatangulia na lipi linafuata, na ratiba ikibadilika mjulisheni mapema. Fimbo haimfundishi, humwongezea hofu. Tazameni alipendalo, mkaanzie hapo, kama wakulima wale walivyoanzia katika kuhesabu. Hapa kwetu kuna kazi nyingi zenye mpango usiobadilika: kuhesabu nazi na kuzipanga mafungu, kusuka makuti, kusokota kamba za usumba. Huenda mikono isiyotulia ikatulia humo.

Nanyi wazazi, andikeni, au mwandikiwe na mwalimu, mambo ya mtoto wenu: alianza lini kusema, anakula nini, analala saa ngapi, nini humtisha. Siku mtakapomwona tabibu, karatasi hiyo itamfaa, kama barua ya baba yake Donald.

Nasi majirani tuna kazi mbili. Moja ni ya macho. Wengi wa watoto hawa huponyoka nyumbani bila kuaga, na maji huwavuta, wala hawajui hatari yake. Katika kisiwa, kila njia huishia pwani. Kwa hiyo kila mvuvi, kila mwanamke atokaye kuvua pweza, kila mtoto wa shule amjue kwa sura na kwa jina, ili amwonapo karibu na maji amshike mkono amrudishe kwao. Kazi ya pili ni ya ulimi: tusimwulize mama amefanya nini hata akapata mtoto huyu. Swali hilo limeulizwa Ulaya na limeulizwa pwani, kwa miaka mingi, na halikumwinua mtoto hata mmoja. Tumwulize tu, ‘Bibi, nikae naye saa ngapi leo, upate kulala?’