Tangier, mji uliotolewa mahari

Mwaka 1661 Charles wa Pili, mfalme wa Uingereza, alikubaliana na Wareno kumwoa Catherine wa Braganza, binti wa nyumba ya kifalme ya Lisbon. Kwetu mwoaji ndiye anayetoa mahari. Kwao ilikuwa kinyume: aliyeozesha ndiye aliyebeba mzigo, na mzigo wenyewe ulikuwa mzito. Ureno ilitoa fedha nyingi, na juu ya fedha ikatoa miji miwili ya bandari. Mmoja ulikuwa Bombay, ambao baadaye wafanyabiashara wake wangejaa Unguja na Mombasa. Wa pili ulikuwa Tangier, katika ncha ya Afrika inayotazamana na Hispania. Wareno waliozaliwa ndani ya kuta za mji huo hawakuulizwa. Wamoroko waliokuwa nje ya kuta, ambao waliuhesabu kuwa mji wao tangu kabla Mreno hajaja, hao ndio kabisa.

Naanzia kwenye harusi hiyo kwa sababu mkasa wa Tangier umo humo karibu wote. Ni mji uliopita mikononi mwa wengi, ukigawiwa na kusimamiwa kwa mikataba iliyoandikwa kwingine. Hata habari zake tumezipata zaidi kwa wageni kuliko kwa wenyewe, ambao wanauita Tanja.

Kilichowavuta wageni ni mahali ulipo. Mlango wa Bahari wa Gibraltar, pale ulipo mwembamba zaidi, una upana wa kilomita 14 tu. Magharibi ya mji, kwenye Rasi ya Spartel, bahari ya Atlantiki inakutana na Bahari ya Kati, na meli inayotoka moja kwenda nyingine haina budi kupita mbele ya macho ya watu wa Tangier. Siku anga ikiwa safi, mtu anayekunywa chai kwenye majabali ya juu ya mji anaiona milima ya Hispania waziwazi. Upepo wa huko una jina, na jina hilo halitakuwa geni kwa msomaji wa Kiswahili: sharqi, mzizi uleule uliotupa mashariki. Ukianza kuvuma huendelea kwa siku kadhaa mfululizo, na wavuvi hutulia nchi kavu wakingoja utosheke.

Wafoinike na watu wa Carthage walitia nanga hapo zamani. Warumi wakauita Tingis, na jimbo lao lote la kaskazini mwa Moroko wakalipa jina kutokana na mji huo: Mauretania Tingitana. Karne ya 8 ilipoingia, Waarabu walikwisha fika, na liwali wa Tangier alikuwa mtu wa jamii ya Waamazigh, wenyeji wa huko kabla ya Waarabu, aliyeitwa Tariq ibn Ziyad. Mwaka 711 alivuka na jeshi lake kwenda Hispania. Mwamba alioshukia uliitwa Jabal Tariq, yaani jabali la Tariq. Ndimi za Ulaya zikalikunjakunja jina hilo hadi likawa Gibraltar. Wanaosimulia ushindi huo mara nyingi huishia hapo. Wangesubiri kidogo wangeona kwamba mwaka 740, katika mji huohuo wa Tangier, Waamazigh waliasi chini ya Maysara na kumuua liwali wa Kiarabu. Walikuwa wamesilimu, wamepigana vita vya Waarabu, na bado wanatozwa kodi kama watu walioshindwa. Uasi huo ulienea Maghreb nzima, na watawala wa Kiarabu wa Damascus hawakuweza tena kuirudisha Moroko mikononi mwao.

Mtoto wa Tangier tunayemfahamu zaidi sisi wa pwani ya Afrika Mashariki alizaliwa mwaka 1304 katika ukoo wa makadhi. Ibn Battuta alitoka kwao mwaka 1325, akiwa kijana wa miaka 21, peke yake, akielekea Makka kuhiji. Hakurudi hadi mwaka 1349. Katikati ya safari hiyo ndefu, mnamo mwaka 1331, alishuka na pepo za kaskazi kutoka Aden, akapita Mogadishu, akalala Mombasa, akafika Kilwa. Kwa Mombasa aliandika juu ya ndizi na samaki, juu ya misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na juu ya visima vya maji vilivyokuwa kwenye milango ya misikiti ili watu, waliokuwa wakitembea miguu mitupu, waoshe miguu kabla ya kuingia. Ni jicho la mtu aliyelelewa nyumba ya makadhi: anatazama twahara kwanza.

Kilwa alimkuta Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yule ambaye kasri lake la Husuni Kubwa bado magofu yake yanasimama. Watu walimpa sultani huyo lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Ibn Battuta anasimulia kwamba Ijumaa moja, sultani akitoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen alimzuia njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akakubali, akaingia ndani akavaa nyingine, akampa zile. Baadaye mwanawe alizichukua zile nguo kwa yule fakiri na kumlipa watumwa kumi badala yake. Na sultani, aliposikia jinsi watu walivyousifu ukarimu wake, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Mwandishi anayasimulia haya kama sifa tupu. Sisi tukiyasoma leo, hatuwezi kuwapita wale watu ishirini waliohesabiwa pamoja na pembe.

Aliporudi Moroko alikuta mama yake amefariki kwa tauni, muda mfupi tu kabla yake. Kumbukumbu zake alizisimulia huko Fez kwa amri ya sultani wa Moroko, na mwandishi Ibn Juzayy akazimaliza kuandika mwaka 1355. Kwa hiyo sehemu ya historia yetu ya karne ya 14, ambayo watafiti wa Kilwa wanairudia kila mara, ilipita katika kichwa cha mtu wa Tangier. Uwanja wa ndege wa mji wake leo una jina lake.

Wareno waliutaka mji huo kwa hamu. Mwaka 1437 walikuja na jeshi, wakashindwa vibaya hata wakalazimika kumwacha mwanamfalme wao Fernando kama rehani. Alifia kifungoni Fez mwaka 1443. Mwaka 1471 walirudi, na safari hiyo wakauchukua. Miaka 27 baadaye Vasco da Gama alikuwa Mombasa na Malindi. Jadi ya kuweka ngome pwani, kuwafungia wenyeji nje na kudai ushuru wa bahari, waliianzia huko Moroko kabla ya kuileta kwetu.

Ndipo ikaja ile harusi. Waingereza walipokabidhiwa Tangier walidhani wamepata hazina. Walianza kujenga gati kubwa la mawe kuingia baharini ili meli zipate kimbilio dhidi ya mawimbi. Walijenga kwa miaka ishirini, hadi likafika zaidi ya mita 400, na fedha zilizotumika ziliwashangaza wenyewe. Samuel Pepys, ambaye shajara yake inajulikana duniani kote, alikuwa mweka hazina wa kamati ya Tangier, na mwaka 1683 alitumwa na kundi la maafisa kwenda kuufunga mji. Maana Waingereza walikwisha choka. Wapiganaji wa Sultani Moulay Ismail walikuwa wameuzingira kwa miaka, na bunge la London lilikataa kutoa fedha zaidi. Basi wakaanza kulilipua lile gati lao wenyewe, jiwe kwa jiwe, na kazi ya kubomoa ikawachukua miezi. Mwaka 1684 wakapanda meli wakaondoka. Watu wa Moulay Ismail wakaingia katika vifusi, wakajenga msikiti mkuu na kasri la ngomeni.

Karne ya 19 ilileta wageni wa namna nyingine, mabalozi. Masultani hawakupenda kuwa nao karibu huko Fez, wakawaweka Tangier, na mji ukawa sebule ambamo Moroko iliongea na dunia. Mwaka 1821 Sultani Moulay Slimane aliwapa Wamarekani nyumba katika mji mkongwe, nayo ipo hadi leo, imepita juu ya kichochoro kwa daraja. Biashara nayo ilifuata. Vita vya Crimea vilipowazibia Waingereza soko la Baltiki katika miaka ya 1850, chai ya kijani ya China waliyokosa pa kuiuza ikamwagwa Tangier na Essaouira. Wamoroko wakaitia nanaa na sukari. Leo mgeni anaambiwa kwamba chai hiyo ni desturi ya tangu na tangu, na anayemwambia anasema kweli kwa jinsi anavyoijua nyumba yao.

Siku ya 31 Machi 1905 Kaiser Wilhelm wa Pili wa Ujerumani alishuka bandarini hapo. Alipanda farasi mweupe kupita vichochoro vya mji, akatangaza kwamba yeye anamtambua Sultani wa Moroko kuwa mtawala huru, na baada ya saa chache akarudi melini. Ulaya yote ilitikisika. Vitabu vya historia vinaiita siku hiyo mwanzo wa mzozo wa Moroko, na vinachambua hasira za Ufaransa na hofu za Uingereza. Msomaji wa Tanzania anao ukurasa wa kuongeza. Julai ya mwaka huohuo, katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa pamba ya kulazimishwa na Vita vya Majimaji vikaanza. Jeshi la Kaiser huyohuyo lilichoma mashamba na maghala kusini mwa Tanganyika hadi njaa ikamaliza waliobaki. Uhuru wa Waafrika alioutangaza Tangier ulikuwa fimbo ya kumpigia Mfaransa tu.

Mwaka 1912 Moroko iligawanywa kati ya Ufaransa na Hispania, lakini Tangier hakuna aliyekubali mwenzake auchukue. Mkataba wa Desemba 1923 ukaufanya Eneo la Kimataifa. Hii ndiyo Tangier ya sinema na riwaya: posta tatu za mataifa matatu, fedha za kila nchi zikibadilishwa mabarazani, hakuna kodi ya mapato, magendo ya sigara, majasusi, matajiri wa Ulaya na Marekani katika majumba ya kilimani. Wengi wanaikumbuka kama enzi ya dhahabu. Mimi siwezi. Hebu tazama baraza lililotunga sheria za mji huo. Wamoroko, ambao ndio waliokuwa wengi mitaani, walikuwa na viti tisa, sita vya Waislamu na vitatu vya Wayahudi, na waliovikalia waliteuliwa. Viti vilivyobaki, karibu mara mbili ya hivyo, viligawanywa kwa mataifa ya nje. Mji ulikuwa huru kwa kila mtu isipokuwa mwenyeji.

Hilo lilionekana wazi Aprili 1947. Sultani Mohammed wa Tano alikuja Tangier, akahutubia katika bustani za Mendoubia, akaiacha ile sehemu iliyotarajiwa ya kuisifu Ufaransa, na badala yake akaunganisha Moroko na nchi za Kiarabu. Uhuru ulipatikana mwaka 1956 na Eneo la Kimataifa likafutwa. Uwanja ulio nje ya bustani hizo una tarehe ya kuwasili kwake, 9 Aprili 1947, lakini watu huuita Grand Socco. Socco ni matamshi ya Kihispania ya suq, ndilo soko letu. Hapo utawakuta wanawake wa milima ya Jbala, kofia pana za ukili zenye vishada vya sufi, mtandio wa mistari myekundu na myeupe kiunoni, wamekaa chini na jibini nyeupe ya maziwa ya mbuzi iliyofungwa kwa majani. Wameshuka alfajiri kutoka vijijini. Mabalozi walikuja wakaenda, wao walikuwa wakiuza hapohapo.

Baada ya uhuru serikali iliupa mji kisogo kwa miaka mingi. Umeamka karne hii. Mwaka 2007 bandari ya Tanger Med ilifunguliwa kilomita kama 40 mashariki ya mji, na leo ni bandari kubwa ya makontena kuliko zote Afrika. Treni ya mwendo kasi, ya kwanza barani, ilianza mwaka 2018, ikifika kilomita 320 kwa saa kuelekea Casablanca. Lakini tangu mwaka 1991, Hispania ilipoanza kudai viza, kilomita zile 14 zimewameza vijana wengi. Wanaitwa harraga, wachomaji, kwa kuwa huchoma vitambulisho vyao kabla ya kuvuka. Wanatoka Moroko yenyewe na wanatoka kusini ya Sahara pia. Ibn Battuta alitoka Tangier hadi Kilwa bila viza.

Kama msomaji atataka kitabu kimoja cha kuujua mji huu, asianze na cha mgeni. Mohamed Choukri alizaliwa mwaka 1935 katika milima ya Rif, akaletwa Tangier utotoni na wazazi waliokimbia njaa. Aliokota chakula majalalani, alilala makaburini, na hakujua kusoma hadi alipokaribia miaka 20. Aliyoyapitia aliyaandika katika Al-Khubz al-Hafi, mkate mtupu. Mmarekani Paul Bowles, aliyeishi Tangier tangu 1947 hadi kufa kwake 1999, ndiye aliyekitoa kwa Kiingereza mwaka 1973; kwa Kiarabu, lugha ambayo kiliandikwa kwayo, kilichapwa mwaka 1982, kisha Moroko ikakipiga marufuku hadi mwaka 2000. Humo ile enzi ya dhahabu inasimuliwa na mtoto aliyekuwa mlangoni mwa mikahawa akingoja makombo.

Majivu ya Bowles yalipelekwa kuzikwa kwao, jimbo la New York. Choukri alifariki mwaka 2003, akazikwa Tangier, katika makaburi ya Marshan.