Wageni wa Kaskazi

Ndugu msikilizaji, mwezi wa Juni na Julai hapa Kihesa hakuna atokaye nyumbani alfajiri bila sweta. Baridi yetu tunaivumilia palepale tulipo. Leo nataka tuwazungumzie watu ambao kwa karne nyingi waliiacha baridi ya kwao wakaja kukaa kwenye joto letu miezi mitatu minne, na nyumba yao ilikuwa jahazi lenyewe.

Hao ni mabaharia wa Ghuba, wa Omani na wa Hadhramaut. Kaskazi ilipoanza kuvuma, Novemba au Desemba, walitweka matanga na kuja Lamu, Mombasa na Unguja na tende, chumvi, samaki wakavu na mazulia. Nisiseme walikimbia baridi tu, walifuata biashara. Lakini aliyeletwa na kaskazi hana njia ya kurudi mpaka kusi ianze, karibu na Aprili. Ilibidi akae. Neno letu "msimu" limetokana na Kiarabu, na mabaharia walilitumia kwa majira hayo ya safari.

Kukaa huko ni kwa zamani mno. Kitabu cha Kigiriki cha Periplus, cha karne ya kwanza, kinasema manahodha Waarabu waliofika pwani hii waliijua lugha ya wenyeji na kuoana nao. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alikuta Mogadishu vijana wakiifuata meli kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Mfanyabiashara aliyepewa sahani alikuwa mgeni wa nyumba ile. Baharia wa kawaida hakuandaliwa sahani.

Yeye alilala sitahani, juu ya mkeka, chakula kikipikwa palepale. Kule Funguni, Unguja, chombo kilingojewa maji ya bamvua, kikaegeshwa mchangani, na maji yakipwa watu wakashuka kukikwangua, kukitia kalafati na kukipaka deheni, yaani mafuta na chokaa, ili mchwa wa bahari wasikitoboe. Mbavu za juu zilipakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake humtangulia mwenyewe.

Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri na bumu la Kuwait mwaka 1938 na 1939, alieleza vizuri jambo jingine. Mabaharia wale hawakuwa na mshahara. Walipata mafungu mwisho wa safari, na wengi walikuwa na deni kwa nahodha, naye nahodha ana deni kwa tajiri. Kwa hiyo anayeonekana anapunga upepo bandarini huenda hakuwa na uhuru wa kuliacha jahazi hilo.

Wala wenyeji hawakuwapokea wote kwa furaha. Karne ya 19 kaskazi ilikuwa pia majira ya hofu mjini Unguja. Baadhi ya wageni waliiba watoto na watumwa, wakawaficha ndani ya vyombo wakingoja upepo ugeuke, na wazazi wakawafungia watoto wao ndani. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, lakini kwa mzazi aliyekwisha kupoteza mtoto tarehe hiyo haikurudisha kitu.

Sisi wa Iringa tunaingiaje hapa? Kabla ya kurudi, majahazi mengi yaliingia delta ya Rufiji kukata boriti za mikoko. Bumu la Villiers nalo lilifika huko. Mabaharia walishinda topeni kiunoni, na mbu usiku. Nchi zao hazikuwa na miti ya kuezekea, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, Kuwait kama Lamu. Nayo mikoko ile hunywa maji ya Rufiji, na sehemu ya maji hayo hutoka kwetu: Ruaha Mdogo unaopita mjini Iringa huingia Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu huingia Rufiji.

Mafuta yaliitajirisha Kuwait, chuma na saruji vikachukua mahali pa boriti, na baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 vyombo vya Ghuba vilipungua sana Unguja. Kaskazi yenyewe bado huvuma kila Desemba.