MANENO WALIYOTUACHIA MASHAHIDI WA NCHI YETU

Katika kitabu cha yubile ni desturi kuandika majina ya wale waliojenga kanisa kwa mawe na saruji. Sisi tumependa kuandika juu ya wale waliotuachia maneno. Si maneno mengi. Ni watu watatu na sentensi chache, ambazo twazisikia mara nyingi katika mahubiri bila kukumbuka zilisemwa wapi na kwa bei gani.

Wa kwanza ni Mwenyeheri Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, mzaliwa wa Wamba, sista wa shirika la Jamaa Takatifu huko Bafwabaka. Tarehe 29 Novemba 1964 Wasimba waliwachukua masista kwa gari kuwapeleka Isiro. Huko kanali Pierre Olombe alitaka kumlazimisha, naye akakataa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba alipigwa, akachomwa, kisha akapigwa risasi. Katikati ya mapigo alimwambia mtu yule: "Ninakusamehe, kwa maana hujui unalolifanya." Na tena, kwa Kiswahili hiki chetu: "Naivyo nilivyotaka." Papa Jean-Paul II alipomtangaza Mwenyeheri mjini Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, naye alimsamehe muuaji kwa jina la Kanisa lote. Tunapoimba sifa za Anuarite ni vizuri tukumbuke jambo moja: msamaha wake haukungoja mapigo yaishe.

Wa pili ni Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu, Mjezuiti, ambaye watu walimwita Mzee. Mwaka 1971, serikali ilipowaingiza wanafunzi wa Lovanium jeshini kwa nguvu, padri huyu aliomba aingizwe pamoja nao. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa hapa Goma na kule Bukavu, na kipindupindu kikaua watu maelfu katika mawe yetu haya ya volkano, yeye hakunyamaza mbele ya wenye silaha, wala mbele ya wakubwa wa dunia. Neno lake linalokumbukwa ni hili: kuna mambo yasiyoonekana vizuri ila kwa macho yaliyolia. Wengine hulitaja kama methali ya kupamba hotuba. Lakini Mzee alikuwa mchungaji wa watu waliokuwa wakilia kweli, na tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa barabarani, pale Nyawera, katika mji ambao hakukubali kuukimbia.

Juu ya wa tatu tutakawia zaidi, kwani ni mtoto wa Goma, na wengi wanaosoma ukurasa huu walimfahamu. Floribert Bwana Chui alizaliwa hapa tarehe 13 Juni 1981. Alisoma sheria, akawa mmoja wa jumuiya ya Sant'Egidio, akijitoa kwa watoto wa barabarani ambao wengine tulikuwa tukiwafukuza mlangoni. Mwaka 2007 alikuwa kazini katika Office Congolais de Contrôle, kwenye kitengo cha bidhaa zilizoharibika. Kazi yake ilikuwa kupima vyakula vinavyovuka mpaka na kuamuru viharibiwe kama vimeoza.

Kila mtu wa Goma anajua jinsi mpaka unavyofanya kazi. Vyakula vibovu vilifika, naye akavikataa. Wakamletea dola, akakataa, wakaongeza, akakataa tena. Alimweleza sista mmoja mganga kwamba feza ile itaisha upesi, na wale watakaokula vyakula vile, watakuwaje? Akajiuliza: je, ninaishi kwa ajili ya Kristu, au sivyo? Akasema kwamba ni afazali kufa kuliko kupokea feza hiyo.

Maneno hayo hakuyasema mimbarani. Yalikuwa mazungumzo ya kijana wa miaka 26, juu ya mzigo wa chakula na mshahara wa kazi. Siku chache baadaye alitekwa, akateswa, akauawa tarehe 8 Julai 2007.

Papa François alilitaja jina lake mbele ya vijana, mjini Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023. Goma, iliyokuwa imemngojea Papa, haikumwona kwa sababu ya vita. Vita hivyo viliingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, ndiyo maana Floribert hakutangazwa Mwenyeheri hapa kwetu, bali Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, tarehe 15 Juni 2025. Siku mbili kabla ya hapo angalitimiza miaka 44.