Kibera Yajitazama

Pengine hakuna mtaa Afrika Mashariki uliopigwa picha kama Kibera, Nairobi. Kwa miongo kadhaa wageni wamekuja na kamera, wakapita kando ya reli, wakarekodi paa za mabati na mitaro, kisha wakaondoka. Filamu zao zilionyeshwa London au New York. Mama aliyehojiwa akikaanga samaki Makina, ndani ya Kibera, aliendelea kukaanga samaki, bila kujua alionekanaje wala maneno yake yalikatwa wapi.

Ndiyo maana mwaka 2011 una uzito katika historia ya mtaa huo. Mwaka huo lilifanyika kwa mara ya kwanza tamasha lililoitwa Slum Film Festival, huko Kibera na Mathare, mtaa mwingine wa mabanda wa Nairobi. Nyuma yake walikuwapo watu wa Hot Sun Foundation, shirika la filamu la Kibera, na wa Slum-TV ya Mathare. Filamu walizozitaka zilikuwa zile zinazohusu maisha ya mitaa ya mabanda, hasa zilizotengenezwa na wakazi wenyewe, na zilionyeshwa huko huko mtaani.

Sinema ya kumfuata mtazamaji alipo ilikuwa na umri mkubwa kuliko tamasha hilo. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, chini ya Meja L. A. Notcutt, ulitengeneza filamu zake Vugiri, katika milima ya Usambara, ukazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Zilifundisha usafi, kilimo na kuweka akiba. Sauti iliwekwa kwenye sahani za santuri ili lugha ibadilishwe kulingana na mahali. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha Colonial Film Unit, na magari ya sinema yakazidi. Hata baada ya uhuru magari yalirudi viwanjani, safari hii mara nyingi yakiwa yamebeba matangazo ya sabuni. Watoto waliyakimbilia kwa furaha ya kweli. Lakini katika mpango wote huo, aliyekuwa na la kusema ni mwenye gari. Mtazamaji aliletewa somo.

Kibera, iliyoanza kama makazi ya askari Wanubi wa King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20, haikujengewa majumba ya sinema kama yale ya katikati ya jiji. Kufika mjini kulihitaji nauli, na tiketi juu yake. Wakazi wakajitengenezea sinema yao: kibanda cha mabati, mabenchi, televisheni, kiingilio cha shilingi 10 au 20. Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, mambo yalikuwa hayo hayo, kuanzia sehemu ya Gatina hadi ile ya Congo. Katika vibanda hivyo ndimo DJ Afro alimojijengea jina kwa kusimulia filamu za mapigano za Hong Kong na Marekani kwa Kiswahili na Sheng, akiwabatiza waigizaji majina mapya na kuwapa maneno yasiyokuwamo kabisa kwenye filamu. Wasomi wa sinema wameipa shughuli hiyo nafasi ndogo mno. Vibanda vilimzoesha mtazamaji kuijibu picha, kuikosoa na kucheka kwa sauti. Wapiga picha wa mtaani walipojitokeza, hadhira yao ilikuwa tayari imeiva.

Nao walijitokeza kamera za dijitali ziliposhuka bei. Mwaka 2006 Nathan Collett, Mmarekani, alipiga filamu ya Kibera Kid akiwatumia wakazi wa Kibera, hadithi ya mvulana yatima aliyenaswa kati ya genge la wezi na njia nyingine ya maisha. Miaka hiyo hiyo Slum-TV ilianza kuwafunza vijana wa Mathare kurekodi habari za mtaa wao na kuzionyesha hadharani.

Kisha zikaja ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Reli iling'olewa, Soko la Toi likateketea, na majirani wakatengana kwa kabila. Msanii Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo 7, alizunguka Kibera akiandika kwa rangi ujumbe wa amani kwenye kuta na mabati. Filamu ya Togetherness Supreme ya mwaka 2010 ilichota kwenye kisa chake. Ni ya kuigiza, lakini majeraha yaliyomo yalikuwa mabichi, na vijana waliofunzwa mtaani walifanya kazi nyuma ya kamera. Mwaka huo huo Kibera News Network ikaanza kurusha video fupi zilizopigwa na wakazi.

Onyesho la kiwanjani la filamu kama hizo lina taratibu zake. Jua la Nairobi huzama haraka, lakini kabla ya saa moja usiku projekta haifai kitu. Jenereta huwekwa mbali ili mngurumo wake usimeze sauti, na waya hulindwa usikanyagwe. Watoto hukaa chini mbele kabisa. Watu wazima husimama nyuma, wengine na mifuko ya sukuma wiki wakitoka kazini. Uso wa jirani ukitokea, jina lake hupigiwa kelele kabla hajafungua kinywa. Filamu ya hali halisi haina mtihani mgumu kuliko huo. Mtazamaji wa Amsterdam hawezi kujua kwamba nyumba inayodaiwa kuwa Laini Saba iko Lindi. Mtoto wa Kibera atasema papo hapo.

Sheria nayo ina mkono wake. Filamu yoyote ya kuonyeshwa hadharani Kenya hupitia bodi ya uainishaji, chini ya sheria ya tangu mwanzo wa miaka ya 1960. Septemba 2021 bodi hiyo ilipiga marufuku I Am Samuel, filamu ya hali halisi ya Peter Murimi kuhusu mwanamume mpenzi wa mwanamume mwenzake. Ng'ambo iliendelea kuonyeshwa. Nyumbani, alikopigiwa picha mhusika wake, ikafungiwa. Kwa upande mwingine, mfuko wa Docubox ulioanzishwa na Judy Kibinge umesaidia kazi kama Softie ya Sam Soko, iliyoingia kwenye kumbi za sinema za Kenya mwaka 2020.

Kumbi hizo, hata hivyo, nyingi ziko kwenye maduka makubwa, na bei ya tiketi ni chakula cha siku nzima kwa familia ya kibarua wa Kawangware. Vibanda bado vipo. Jumamosi hujaa mashabiki wa Arsenal na Manchester United, lakini asubuhi za katikati ya wiki vingi huwa na mabenchi matupu, giza la kutosha na umeme uliokwisha kulipiwa. Filamu ya dakika 20 kutoka kwa kijana wa Gatina ingeweza kuonyeshwa humo mara nne kabla ya chakula cha mchana.