Jalada la albamu ya hip-hop: Kazi ya sikio kabla ya mkono

MASHABIKI wengi wa muziki huliona jalada kabla ya kusikia hata ubeti mmoja. Ndilo linalowadokezea ni nani anayefoka, ametoka wapi na anataka kuchukuliwaje. Kwa hivyo, anayepewa kazi ya kubuni jalada la albamu ya hip-hop huwa amekabidhiwa jambo zito kuliko urembo. Amekabidhiwa sura ambayo msanii atatambuliwa kwayo kwa miaka mingi, pengine hata baada ya nyimbo zenyewe kusahaulika.

Fani yenyewe si kongwe. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, santuri nyingi ziliuzwa katika mifuko ya karatasi isiyo na picha. Alex Steinweiss, kijana aliyeajiriwa na kampuni ya Columbia nchini Marekani mwaka wa 1939, ndiye aliyewashawishi wakubwa wake kwamba jalada lenye mchoro lingeuza muziki.

Hip-hop ilipozaliwa mtaani Bronx, jijini New York, katika miaka ya 1970, ilikua bega kwa bega na sanaa ya grafiti, yaani majina na michoro iliyopulizwa kwa rangi kwenye kuta na mabehewa ya treni. Hata hivyo, santuri nyingi za mwanzo za muziki huo, zilizoanza kutoka 1979, zilitiwa katika mifuko yenye nembo ya kampuni tu.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1980. Cey Adams, aliyeanza kama mchoraji wa grafiti, akawa mbunifu mkuu wa kampuni ya Def Jam. Naye Chuck D wa kundi la Public Enemy alikuwa amesomea usanifu wa michoro katika Chuo Kikuu cha Adelphi, na ndiye aliyebuni nembo ya kundi lake: kivuli cha mtu aliyevaa kofia, akiwa amelengwa katikati ya duara la shabaha. Wengi walidhani kofia hiyo ni ya polisi, ilhali ni ya mwanahip-hop mwenzao.

Nembo hiyo inafaa kutazamwa kwa makini na kila anayejifunza kazi hii. Haihitaji rangi wala maelezo. Mtoto anaweza kuichora kwa makaa ukutani, na bado itaeleweka kuwa inamzungumzia mtu mweusi anayewindwa katika nchi yake mwenyewe.

Mwaka wa 1988 kundi la N.W.A kutoka California lilitoa albamu ya Straight Outta Compton. Mpiga picha Eric Poppleton aliielekeza kamera juu kutoka chini, nao wasanii wakaizunguka na kuinamisha nyuso, mmoja wao akiwa ameelekeza bastola kwenye lenzi. Anayeshika jalada hilo hujikuta amewekwa mahali pa mtu aliyeangushwa chini. Picha ya bastola yoyote ingetisha, lakini hii ilitisha zaidi kwa sababu ya pembe iliyopigiwa. Waigaji waliofuata walichukua bastola wakaiacha pembe.

Nas alipotoa Illmatic mnamo 1994, alichagua njia tofauti kabisa. Picha yake ya utotoni, akiwa na umri wa miaka saba, iliyopigwa na babake, mwanamuziki Olu Dara, ilichanganywa na picha ya mtaa iliyopigwa na Danny Clinch, hivi kwamba majengo yanaonekana kupita usoni mwa mtoto. Baadaye mwaka huo, The Notorious B.I.G. alitoa Ready to Die yenye picha ya mtoto mchanga kwenye jalada. Katika albamu ya Raekwon ya 1995, yeye na mwenzake Ghostface Killah walisikika wakilalamikia kuigwa kwa jalada la Nas, na lawama hizo zikaeleweka kuwa zilimlenga B.I.G. Hiyo ni dalili kwamba katika hip-hop wazo la jalada huhesabiwa kuwa mali ya mtu, sawa na mistari anayotunga.

Wakati mwingine wazo huletwa na shida. Siku ya kupiga picha ya albamu ya kwanza ya Wu-Tang Clan, iliyotoka 1993, baadhi ya wanachama hawakufika. Mpiga picha Daniel Hastings akawapiga waliokuwepo wakiwa wamefunika nyuso, na pengo likageuka fumbo. Jalada hilo lingali linatajwa miongoni mwa bora zaidi za muziki huo.

Kusini mwa Marekani, ndugu wawili walifungua kampuni ya Pen & Pixel mjini Houston mwaka wa 1992. Majalada yao yalijaa magari, majumba na herufi zilizochovywa katika almasi za kompyuta. Wasomi wa usanifu waliyacheka, lakini wateja wa kampuni za No Limit na Cash Money waliyapenda, na leo wabunifu vijana huyaiga kwa heshima. Kosa si kuweka dhahabu kwenye jalada, bali kumvisha dhahabu msanii ambaye nyimbo zake zote zinalalamikia kodi ya nyumba.

Ndiyo maana mbunifu makini huanza kwa kusikiliza. Huomba nyimbo zote, hata ambazo hazijakamilika, akazisikiliza mara kadhaa pasipo kugusa kompyuta. Humhoji msanii kuhusu mtaa wake, watu wake na jambo asilotaka kuhusishwa nalo. Kisha huchora vijipicha vingi kwa penseli na kumwonyesha viwili au vitatu tu. Msanii akionyeshwa kumi huchagua kipande cha kila kimoja, na jalada likawa pilau iliyotiwa kila kiungo cha jikoni.

Suala la ukubwa nalo limewasumbua wabunifu katika kila kizazi. Jalada la santuri lilikuwa na upana wa sentimita 31 hivi. La CD likapungua hadi 12. Na la kanda, ambalo ndilo lililobeba hip-hop ya Nairobi na Dar es Salaam kwa miaka mingi, lilikuwa dogo zaidi. Sasa wasambazaji wengi wa muziki wa kidijitali hutaka picha ya mraba yenye pikseli 3000 kila upande, ingawa msikilizaji huiona kwenye simu ikiwa ndogo kama stempu. Mbunifu hana budi kuipunguza kazi yake hadi kiwango hicho na kuitazama akiwa amenyoosha mkono. Jina lisiposomeka, au uso ukimezwa na mandhari, kazi irudiwe. Iwapo kuna nakala za kuchapishwa, rangi zipangwe upya kwa ajili ya wino, na ukingo wa ziada wa milimita tatu uachwe kwa ajili ya kisu cha mpiga chapa.

Nairobi haina uhaba wa mikono. Wachoraji wa matatu wamekuwa wakipamba magari kwa nyuso za wanahip-hop kwa miaka mingi, tena kwa ustadi wa kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Kinachowaponza wabunifu wengi ni maafikiano ya mdomo.

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi iliyoagizwa huchukuliwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Maana yake ni kwamba jalada likigeuzwa fulana, bango au tangazo la biashara, mchoraji aliyelipwa mara moja huenda asidai hata senti. Wanaopigwa picha mitaani nao wana haki zao. Mnamo 2023, Kamishna wa Kulinda Data aliitoza klabu moja ya Nairobi Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake.

Mkataba wa ukurasa mmoja hutosha. Utaje malipo, idadi ya marekebisho yatakayofanywa bila ada, matumizi yanayoruhusiwa, idhini ya kila anayeonekana pichani, na mahali ambapo jina la mbunifu litaandikwa. Hili la mwisho lisisahaulike, maana simu haina kile kijitabu cha CD ambamo mchoraji na mpiga picha walikuwa wakitajwa.