Mkebe wa Stakabadhi: Fundi Ujenzi Kati ya Kodi na Hifadhi ya Jamii

Marehemu baba yangu alikuwa fundi mwashi. Alipofariki, tulikuta katika mkebe wake wa misumari stakabadhi za kodi ya maendeleo, zimepangwa mwaka baada ya mwaka. Hapakuwa na karatasi hata moja ya mfuko wa pensheni. Kwa kuwa mimi ni mtu wa historia, nimeusoma mkebe ule kama nyaraka.

Kwa upande wa kodi, dola haikuwahi kumhitaji mwajiri ili impate fundi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1898. Waingereza wakaongeza kodi ya kichwa. Baada ya uhuru kodi ya aina hiyo ilifutwa mwaka 1969, ikarejea miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo pamoja na halmashauri zilizofufuliwa, hadi ilipofutwa tena mwaka 2003. Wa rika langu wanawakumbuka mgambo njiani: asiye na stakabadhi alilala mahabusu au alikimbilia mashambani. Nasikia wanafunzi wakiita kazi ya baba "sekta isiyo rasmi". Stakabadhi zake zilikuwa rasmi kabisa, zina muhuri.

Hifadhi ya jamii ilijengwa kwa msingi mwingine. NPF, mfuko wa akiba ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1964, ulimtegemea mwajiri: ndiye aliyesajili, aliyekata, aliyewasilisha. Baba hakuwa na mwajiri, alikuwa na wateja. Leo huyu anataka uzio, kesho yule anataka choo. Sheria ya NSSF ya mwaka 1997 ilimfungulia mlango aliyejiajiri, na haki yake tuipe. Hata hivyo, mwajiriwa huchangiwa sehemu na mwajiri wake, ilhali fundi hubeba mchango wote peke yake, na pensheni ya uzee hudai michango ya miezi 180. Masika yakishika, kazi husimama. Mwenye nyumba akiishiwa, kuta hubaki usawa wa linta kwa miaka. Miezi hiyo fundi aichangie kwa kipato kipi?

Fidia ya ajali nayo ni vivyo hivyo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamtaka mwajiri achangie kwa ajili ya wafanyakazi wake. Kaka yangu, aliyerithi mwiko na pimamaji ya baba, alianguka kutoka jukwaani akavunjika nyonga. Mkandarasi aliyempa kazi alijibu kwamba huyo ni fundi wa kujitegemea, si mwajiriwa wake. Malipo yake ya mwisho, hata hivyo, yalikuja yakiwa yamekatwa kodi ya zuio, asilimia 5, na hati ya makato ikaambatanishwa bila kuchelewa.

Kaka ameitia hati hiyo katika mkebe uleule.